Mama Alipopanda Boti Galveston

Ndugu zangu wa Lewisville, picha nilizowatumia kwenye simu zinaonyesha maji tu, na pembeni kidole changu. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya misa mnaniuliza tulikwenda kuona nini huko Galveston, na kwa nini mama yangu amerudi akiwa mtu wa maneno. Kueleza nikiwa nimesimama kwenye maegesho, watoto wananivuta suruali twende nyumbani, nimeshindwa. Nimekaa nimeandika.

Kwa wasiotujua vizuri: mimi ni Dismas, naendesha foklifti ghalani. Mama yangu, Spesioza, ana miaka sabini na anakaa nami, mke wangu na watoto. Dada yangu Goreti anakaa Alief, kule Houston, anafanya usafi hospitalini. Tulitoka Burundi nikiwa na miaka saba, tukavuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi upande wa Kigoma, tukakulia kambini Tanzania. Baba hatukuvuka naye. Tangu siku ile Mama hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini. Hata ziwa letu hapa Lewisville, watoto wakienda kuogelea yeye hubaki garini na vioo amevipandisha.

Safari hii ilianzishwa na Wambui, muuguzi Mkenya wa Pearland anayefanya kazi wodi moja na Goreti. Alikuwa ametuwekea nafasi kwenye boti ya kwenda kutazama pomboo kuzunguka kisiwa cha Galveston. Goreti aliona bango lenye picha ya nyangumi, pomboo na sili, akampigia Mama simu akamwambia kuna samaki wakubwa kuliko basi.

"Kuliko basi?" Mama aliuliza mara tatu. Kisha akasema atakuja kuwaona. Nilidhani atakaa ufukweni na mwavuli wake. Sikumuuliza.

Lewisville hadi Huntsville

Tulitoka Alhamisi asubuhi, mimi na Mama. Mke wangu alibaki na watoto kwa sababu ya shule. Mama alipakia chakula kama tunahama: ugali wa muhogo umefungwa kwa taulo, maharage kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, na dagaa wa kukaanga kwenye kopo la siagi. Nilimwambia njiani kuna vituo vya mafuta vikubwa kuliko kanisa letu, vinauza kila kitu. Akasema vizuri, tutajisaidia huko, lakini chakula anacho.

Barabara ya 45 ilikwenda vizuri hadi tulipovuka nusu ya njia. Hapo lori la mbao lilikuwa limelala kwa ubavu, mbao zimetapakaa barabara nzima. Hakuna aliyeumia, dereva tulimwona amekaa kwenye majani anakunywa soda. Lakini hakuna gari lililopita kwa saa mbili na nusu. Nilizima injini, tukafungua vioo, na Mama akafungua kopo la dagaa.

Mnaijua harufu ya dagaa kwenye gari lililosimama juani. Mbele yetu kulikuwa na pikapu, na ndani yake mama mmoja wa Kimeksiko na binti yake. Yule mama akashuka, akaja hadi dirishani kwetu. Nikajiandaa kuomba radhi. Nikaanza, "Samahani, ni samaki tu." Hakuelewa Kiingereza changu, nami sikuelewa Kihispania chake. Alimtazama Mama, akaonyesha kopo, akaonyesha mdomo wake.

Mama akampa dagaa kwenye kifuniko. Alikula wawili, akafikiri, akala wa tatu. Akarudi kwenye gari lake akatuletea unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda ya mahindi, na katikati una nyama yenye pilipili. Mama alifungua ganda polepole, akanusa.

"Hawa nao wana akili," akasema. "Sahani yao wanaitupa."

Walisimama kivulini mwa pikapu wakazungumza kwa zaidi ya nusu saa, mmoja Kihispania na mwingine Kirundi. Binti alipotaka kutafsiri kwa Kiingereza, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Barabara ilipofunguliwa walikumbatiana. Nikamuuliza Mama walikuwa wanasema nini.

"Ana watoto watano," akasema. "Mmoja amefariki."

"Umejuaje?"

"Alihesabu kwa vidole, kimoja akakikunja."

Alief, na habari ya saa nne

Kwa Goreti tulifika jua likielekea kuzama. Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakula maandazi bila haraka yoyote, kwa sababu Wambui alikuwa ametuma ujumbe: tukutane bandarini saa nne kamili, tusichelewe. Goreti akasema saa nne bado sana, tupite kwanza dukani kwa Mkongo kununua kisamvu. Watoto wake wamezaliwa hapa, na wakisema saa nne kwa Kiswahili wanamaanisha saa kumi ya jioni, kwa kuhesabu kwao kwa Kimarekani. Naye amewazoea hivyo.

Tulikuwa tumeshika kisamvu simu ilipolia. Sauti ya Wambui niliisikia mimi niliyekuwa upande wa pili wa rafu.

"Kwani mko wapi? Boti inaenda na mimi nimesimama hapa kama mlingoti!"

"Si umesema saa nne?" Goreti akamjibu.

"Ndiyo, saa nne! Saa hii ni saa ngapi?"

Goreti akatazama simu, akahesabu kwa midomo, akakaa juu ya gunia la mchele. Boti ya asubuhi, ile ya safari ndefu inayotoka hadi bahari kuu, ilikuwa imeondoka.

Ijumaa, ndani ya bandari

Tulifika Galveston mchana. Wambui alikuwa ametoka kazini alfajiri na hajalala, lakini alipomwona Mama akishuka garini hasira ilimwisha. Alimshika mikono yote miwili. "Karibu, Mama. Hawa watoto wako nitawachapa baadaye."

Kulikuwa na boti ndogo ya mchana, ya saa moja na nusu, inayozunguka ndani ya bandari tu. Nikatafuta benchi la kivuli kwa ajili ya Mama. Nilipogeuka, nilimkuta amesimama kwenye ubao wa kupandia.

Hakupanda mara moja. Aliniambia nimuulize nahodha boti inachukua watu wangapi. Nahodha alikuwa mwanamke wa makamo aliyeungua jua, anaitwa Robin. Akasema thelathini na wawili. Mama akauliza majaketi ya kuokoa maisha yako wapi. Robin akafungua kasha chini ya kiti. Wengine wangeridhika kuliona kasha, lakini Mama alipanda, akainama, akayahesabu, moja baada ya jingine, huku Wamarekani wamepanga foleni nyuma yake. Alipata thelathini na tisa. Akavaa lake, akakaa katikati kabisa ya boti, akamshika Wambui mkono. Robin hakumharakisha wala kucheka.

Pomboo walionekana kabla hatujamaliza dakika kumi. Boti moja ya kuvua kamba ilikuwa inarudi, na nyuma yake mgongo wa kijivu ukatokea, kisha mwingine, kisha sita kwa pamoja, wakifuata mabaki ya samaki yaliyotupwa. Watu walishangilia. Mmoja aliibuka karibu nasi, akatoa pumzi kwa kishindo, maji yakaturukia usoni.

Mama alijipangusa kwa kitenge. "Huyu ni mtoto wao?"

"Hapana, Mama. Huyo ni mkubwa."

"Na wale wa kuliko basi?"

Nikamuuliza Robin. Akatazama kule lilikokuwa bango kwenye kibanda cha bandarini, akatikisa kichwa. Akasema bango lilichorwa na mtu asiyeijua bahari hii. Sili hapa hakuna kabisa. Nyangumi wako, lakini mbali mno, kwenye kina, na yeye mwenyewe katika maisha yake amewaona mara chache. Nikamtafsiria Mama. Nilitegemea atalalamika. Alimtazama Goreti muda mrefu, mpaka Goreti akaanza kucheka kwa aibu, na Mama naye akacheka, nasi tukacheka. Alikuwa anacheka akiwa juu ya maji. Mimi na dada yangu tuliliona hilo.

Tuliposhuka, Robin alituambia kwamba kwa kuwa tuliikosa ile ya asubuhi, anaweza kutuchukua kesho katika safari ndefu. Inatoka nje ya zile kuta mbili za mawe zinazoilinda njia ya meli, inazunguka ncha ya mashariki ya kisiwa. Nilimtazama Mama.

"Kesho wawe wakubwa kidogo," akasema.

Jioni hiyo Wambui alitulaza kwake Pearland. Alitupikia chapati na mchuzi wa kuku, tukala tukiwa tumevua viatu. Mama alimsifu kwa chapati, akamwambia zimekuwa laini kama sikio la mtoto mchanga. Wambui akasema ni maziwa, anayatia badala ya maji.

Jumamosi, nje ya kuta za mawe

Safari hii tulifika mapema mno, saa moja na robo kwa Kiswahili. Tuliandika kwa tarakimu ili kusiwe na maneno. Mama alihesabu tena majaketi. Abiria walikuwa ishirini hivi, wengi wao familia zenye watoto.

Nje ya zile kuta bahari ni nyingine. Boti inapanda na kushuka, na kwa mbali meli za mafuta zimesimama zikingoja zamu. Goreti alitapika mara moja, akasema ni kisamvu. Mama hakutapika. Alikuwa ametazama mbele, midomo inatembea, nadhani ni rozari.

Tuliwakuta pomboo upande wa mashariki, kama kumi na watano, wanakwenda taratibu. Mmoja alikuwa peke yake, amejitenga na wenzake. Aliinuka, nasi tukaona juu ya pua yake kitu kidogo cha kijivu. Kikateleza. Akazama, akakiinua tena.

"Mtoto! Ana mtoto!" watoto wa boti wakapiga kelele kwa Kiingereza, wakapiga makofi. Baba mmoja akamnyanyua binti yake mabegani ili aone.

Robin alizima injini. Alichukua kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini kwamba yule mtoto amekufa. Akasema mama zao hufanya hivyo, huwabeba. Hatutamkaribia zaidi ya hapa. Atawapigia watu wanaohusika na wanyama wa bahari awaambie mahali alipo, na hakuna atakayemnyang'anya.

Makofi yalikoma. Mama akanigusa goti. "Amesema nini?"

Nikasema, "Anasema anamfundisha mwanawe kuogelea."

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda nilitaka arudi nyumbani na kicheko cha jana. Mama hakunitazama hata. Alikuwa ameinuka, yeye ambaye hakuwa ameachia kiti tangu bandarini, amesimama ameshika nguzo.

"Usinidanganye, Dismas. Huyo amekufa tangu jana au juzi. Angalia mkia."

Yule pomboo alizama na kuinuka. Kila mtoto alipomponyoka, alizunguka, akaingia chini yake, akamrudisha juu palipo na hewa. Tulisikia pumzi yake. Ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyepanda ngazi na mzigo.

Mama akasema kwa Kiswahili, "Hata mimi nilimfunga mgongoni."

Sisi nyumbani tunasema Kirundi. Kiswahili kwake ni lugha ya kambini, ya sokoni na ya foleni ya mgao. Nilijua hasemi na mimi. Alikuwa anamwambia Wambui.

Wambui haijui familia yetu wala mambo tusiyoyagusa. Aliuliza kama muuguzi anavyouliza. "Nani huyo, Mama? Alikuwa wa miezi mingapi?"

"Feliksi. Miezi kumi na moja."

Feliksi ni mdogo wangu. Ninachokumbuka juu yake ni kilio tu. Maisha yangu yote niliambiwa alibaki kwa bibi, akafa kwa malaria baada ya sisi kuondoka.

"Alikuwa na homa," Mama akasema. "Tulipopanda boti alikuwa anapumua. Kulipoanza kupambazuka hapumui. Nikamfunga vizuri mgongoni, nikamfunika, kama amelala. Watu wa boti walikuwa wameshasema, maiti haivushwi. Nikasema nitamfikisha ng'ambo, nitamzika kwenye udongo. Goreti akamshika mguu kumchezesha. Akasema, Mama, Feliksi ana baridi."

Nilimgeukia dada yangu. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka kumi wakati ule. Amelibeba neno hilo moja miaka yote hii, na mimi nimekuwa nikimtania kwamba hapendi watoto wachanga.

"Wakamsikia," Mama akasema. "Wakaja."

"Wakakulazimisha," Wambui akasema.

"Niliwaambia wasimguse. Nikamweka majini mwenyewe."

Wambui hakusema pole, wala hayo tunayoyasema wote. Alimvuta karibu, akaweka mkono mgongoni mwake, pale pale mtoto anapofungwa, wakasimama hivyo wakitazama maji. Goreti akaenda akapiga magoti kwenye ile sakafu yenye maji, akaweka kichwa kwenye miguu ya Mama.

"Ni mimi niliyesema," alikuwa akirudia kwa Kirundi. "Ni mimi niliyesema."

Mama alimshika masikio mawili kama anavyoshika wajukuu. "Ulikuwa mtoto. Alikuwa na baridi kweli. Ulisema kweli."

Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa na hasira na sikujua ni ya nani. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mwanawe, akamwambia mtu aliyemfahamu jana tu. Kisha nikakumbuka kwamba dakika tano zilizopita aliniuliza swali moja tu, nikamjibu uongo.

Nahodha hakuelewa neno hata moja kati ya hayo, lakini alikuwa ametuona. Abiria mmoja aliuliza kwa upole kama tutakwenda kuwaona wale wengine. Robin akamwambia tutakaa hapa kidogo. Tulikaa karibu dakika ishirini, boti inayumba, injini imezimwa. Yule msichana aliyekuwa mabegani mwa baba yake alishushwa, akaja akampa Mama biskuti yake. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaila.

Pomboo alikwenda akituacha polepole, upande wa bahari kuu. Wenzake wawili walirudi wakamfuata, mmoja kila upande.

Kabla ya kushuka Mama alinituma tena kwa Robin. Safari hii nilitafsiri kila neno. Alitaka kujua wale watu wa wanyama wataendelea kumtazama mpaka lini, na kama siku atakapomwachia mtoto, sisi tunaweza kuambiwa. Robin akaandika namba ya Goreti kwenye kiganja cha mkono wake. Kisha akavua miwani ya jua, akamkumbatia Mama.

Kurudi

Jumapili tulirudi, na hakukuwa na lori lililoanguka. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa nne na nusu za kimya. Mama alizungumza tangu tulipoiacha Houston hadi tulipoyaona majengo ya Dallas.

Alinieleza kwamba Feliksi alikuwa na meno manne, mawili juu na mawili chini. Kwamba alikuwa anatambaa kwa upande mmoja kama kaa. Kwamba nikilia mimi, alilia, na nikicheka alinitazama kwanza ili ajue kuna nini. Alipenda kushika sikio la mtu anapolala. Sikio langu, hasa, kwa kuwa tulilala mkeka mmoja. Nilimuuliza kwa nini waliniambia habari ya bibi na malaria.

"Ulikuwa unauliza kila siku amebaki wapi," akasema. "Bibi yako ulimpenda. Nikaona ukae ukijua yuko kwake."

Tulisimama Huntsville kununua maji. Nikamwomba radhi kwa uongo wa kwenye boti. Akasema amesikia, nitazame barabara.

Sasa mmeona kwa nini anasema sana. Wale mnaomkuta ukumbini baada ya misa akihadithia habari za mtoto wake wa tatu, msishangae, wala msijaribu kumtuliza. Mkitaka, muulizeni meno yalikuwa mangapi. Katibu wa parokia ameshaandika jina kwenye orodha ya marehemu wetu, na Mama alisimama hapo kuhakikisha herufi hazikosewi.

Jumatatu, ile ya kwanza baada ya kurudi, aliniuliza nikitoka kazini, hata kabla sijavua viatu, "Amemwachia?" Nikamwambia bado hatujasikia. Kesho yake, Jumanne, Goreti alinitumia ujumbe aliopokea kwa Robin. Watu wa wanyama walimfuata kwa mbali siku zote hizo. Asubuhi ile walimkuta akiwa na wenzake, pua haina kitu, anakula.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilimsomea ujumbe wote, kama ulivyo, bila kupunguza. Aliendelea kuchambua kwa muda.

"Tangu Jumamosi," akasema. "Siku tatu."

"Siku tatu tulizoziona sisi, Mama. Labda na zaidi."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Hakuna aliyemharakisha," akasema.